Namba ya Bimdogo

Kila asubuhi, kabla ya chai, bibi yangu alikuwa anatangazwa kama bei ya samaki sato.

Ni yeye mwenyewe aliyesema hivyo. Nikishampima, nikapiga picha kioo cha saa na kuituma kwenye grupu la familia, alikuwa akiuliza, "Umeshanitangaza sokoni?"

"Tayari, Bibi. Leo tisini na saba."

"Imepanda au imeshuka?"

"Imesimama palepale."

"Basi niletee chai."

Saa ilinunuliwa na baba mkubwa Bashiru, mtoto wake wa kwanza, anayeishi Geita. Masika yaliyopita bibi aliugua nimonia. Mtaa mzima wa Pasiansi unamwita Bimdogo, hata watoto wadogo, na hakuna anayekumbuka jina hilo lilianzia wapi. Alilazwa akiwa na mipira ya oksijeni puani, na baba mkubwa akakaa kando ya kitanda, macho yote kwenye mashine iliyokuwa ikionyesha kiwango cha oksijeni kwenye damu ya mama yake. Namba ikishuka, alisimama. Ikipanda, alikaa. Alisimama na kukaa namna hiyo mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakawa wanamuonea huruma yeye kuliko mama yake.

Bibi alipona. Baba mkubwa hakupona. Alirudi Geita na hofu yake, na baada ya wiki chache akatuma saa janja kwa basi, ikiwa imefungwa kwenye taulo kama yai.

Ilikuwa saa nyeusi, nyepesi. Ukiigeuza, upande wa chini unaona vitaa vidogo. Ukitaka kupima, vitaa hivyo vinamulika nyekundu kwenye ngozi, saa inasoma jinsi mwanga unavyorudi kutoka kwenye damu, kisha inakuandikia asilimia. Masharti yake ni mawili tu: mkanda ukae vizuri mkononi, na anayepimwa atulie bila kuongea. Sharti la pili ndilo lililomtesa bibi. Alikuwa akifumba macho na kubana midomo kama mtoto anayemezeshwa dawa, na saa ikilia tu, maneno yote aliyoyazuia yalitoka kwa pamoja.

Kazi ya kumpima ilikuwa yangu. Nilikuwa nimemaliza chuo pale Nyegezi, natafuta ajira, naishi naye. Naitwa Kija, jina la upande wa mama yangu, ambaye ni Msukuma wa Magu. Bibi hupenda kuwaambia wageni kwamba mimi ndiye daktari wake, ingawa nilisoma mambo ya maendeleo ya jamii na sindano naiogopa.

Majirani nao walizoea. Mama wa duka la mkaa alikuwa akipita dirishani na kuuliza, "Bimdogo, leo ngapi?" Bibi alikuwa akijibu, "Tisini na sita, ila nilikuwa nimeinamia jiko," kama mtu anayeitetea timu yake iliyotoka sare.

Kisha Nusrat akachumbiwa.

Nusrat ni binti wa mwisho wa baba mkubwa, na mchumba wake, Salehe, ni mwalimu wa hisabati, kijana mrefu mwenye aibu. Katika ukoo wetu, ndoa ikishafungwa, bwana harusi anasindikizwa mpaka chumba alichoketi bibi harusi. Mlangoni anamkuta bibi yake binti. Bibi huyo anajiita mke mwenza, kwa utani wa bibi na wajukuu. Anatanua mikono, anazuia mlango, anamsimanga yule kijana mbele ya rafiki zake, anamwombesha na kumbembelezesha mpaka roho yake iridhike, ndipo anampisha. Bimdogo amezuia milango yote ya ukoo huu. Mume wa binamu yangu mmoja alizuiwa mpaka akaanza kulia kweli, na mpaka leo akimwona bibi, anavuka barabara ili amkwepe.

Nusrat alilelewa na Bimdogo miaka yake ya shule ya msingi. Aliposema ndiyo kwa Salehe, kitu cha kwanza alichofanya ni kupiga simu Pasiansi. "Bibi," alisema, "asipokuwepo mtu wangu mlangoni, mimi siolewi. Nitatoka kwa dirisha."

"Nipo," bibi akajibu. "Na mikono yangu ipo."

Baba mkubwa ndiye aliyeweka masharti. Mama yake asije Geita mapema, maana uwanjani wangepika kwa kuni siku nzima na moshi haumfai. Aje siku yenyewe ya harusi, kwa gari la kukodi, asubuhi. Na asubuhi hiyo apimwe kwanza.

"Ikiwa tisini na tano kwenda juu, Mama anakuja," alisema kwenye simu, sauti ya mtu aliyeyapanga maneno yake tangu jana. "Ikiwa chini ya hapo, anabaki nyumbani. Tutampigia kwa video, ataona kila kitu."

"Mlango unazuiwa kwa video?" bibi akauliza.

"Mama, tafadhali."

Bibi alinitazama, akatabasamu. "Mwambie nimekubali. Hiyo namba naijua, ni yangu. Haiwezi kuniangusha."

Siku moja kabla ya safari, Selina alikuja nyumbani na kikapu chake. Selina ana saluni ndogo karibu na njia ya kwenda ziwani. Ni Mkristo, anaimba kwaya, lakini harusi za Waislamu wa Pasiansi hazifanyiki bila mkono wake, kwa sababu hakuna anayechora piko, ile rangi nyeusi ya mikono ya maharusi, kama yeye. Akikuchorea ua, unaona kama umande wake utakudondokea.

"Shikamoo, Bimdogo."

"Marahaba, Selina. Kaa hapa kwenye mkeka. Leo mimi ndiye bibi harusi."

"Nikupake hina kidogo kwenye nyayo na viganja, kama wazee wenzako?"

"Wazee wenzangu ndio akina nani?"

Selina akanitazama, nikatazama dari.

"Nataka piko," bibi akasema. "Nyeusi ti. Mikono yote miwili, mpaka kiwikoni. Nikiitanua pale mlangoni, yule kijana asione kizuizi, aone bustani."

"Na vidole?"

"Chovya ncha zote."

"Na miguu?"

"Selina, umekuja kuchora au kuniandikisha maelezo kama polisi?"

Selina akacheka mpaka njiti ikamtoka mkononi, akaanza kazi. Nilikaa pembeni nikitazama maua yakipanda mkono wa bibi: yalianza kwenye vidole, yakazunguka kifundo cha mkono kama bangili pana, yakapanda juu. Mkono wake ulikuwa umekonda tangu alipougua, na nilizoea kuutazama kama kitu cha kupimwa. Jioni ile niliutazama kama mkono wa mwanamke anayejiandaa kwenda kwenye shughuli, nikafurahi kupita kiasi.

Selina alipomaliza kwa bibi, akanishika mimi. Mkono wa kushoto ulikuwa tayari, umekauka, umeoshwa, unapendeza, pale umeme uliokuwa umekatika tangu mchana uliporudi. Nguo za harusi za bibi zilikuwa hazijapigwa pasi. Nikainuka mbio kabla umeme haujabadili mawazo. Niliporudi, Selina alikuwa anafunga kikapu, amechelewa mazoezi ya kwaya.

"Mkono wa kulia nitakumalizia kwenye harusi yako," aliniambia.

"Basi nitazeeka na mkono mmoja."

"Amen," bibi akasema, na Selina akaondoka akicheka.

Asubuhi, bibi alikuwa ameshaswali, ameshakunywa uji, ameshavaa gauni la kijani na mtandio wake wa dhahabu. Masele, jirani yetu mwenye gari, alikuwa nje anafuta vioo. Bibi alinyoosha mkono, akafumba macho, akabana midomo. Nikamvalisha saa juu ya maua.

Saa ilizunguka kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha ikaandika kwamba imeshindwa kupima, mkanda ukazwe. Nikaukaza. Nikapima tena.

Themanini na sita.

Nilifuta kioo kwa kanga, kama kwamba namba ilikuwa vumbi. Nikapima tena. Themanini na tano. Nikahamishia mkono wa pili. Themanini na nne.

"Umeshanitangaza?" bibi akauliza, akiwa bado amefumba macho.

"Bado, Bibi. Tulia kidogo."

Akafumbua jicho moja. Uso wangu haujui kuficha kitu. "Sokoni kuna nini?"

Kabla sijajibu, simu ikaita. Baba mkubwa hakuwa na subira ya kungoja picha. Nilitoka nje kidogo, nikamwambia ukweli. Nyuma yake nilisikia masufuria na wanawake wakiimba.

"Mpeleke hospitali," alisema hatimaye. "Sasa hivi, Kija. Safari hakuna."

Bibi alikuwa ameshanifuata. Akaichukua simu mkononi mwangu. "Bashiru, mimi sijambo. Nimeswali kwa kusimama, nimekunywa uji bakuli zima, nimemgombeza Masele mara mbili kwa kuchelewa. Mgonjwa gani anagombeza hivyo?"

"Mama," baba mkubwa akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "hata ile mara ya kwanza ulisema hujambo."

Ilikuwa kweli. Bibi akanirudishia simu taratibu. Akakaa kwenye kiti cha barazani na gauni lake la harusi, mikono yake mizuri mapajani.

"Kija."

"Abee, Bibi."

"Mtu mwenye themanini na nne anajisikiaje?"

"Sijui, Bibi. Labda anachoka."

Akafikiri. "Basi nimechoka," akasema, akaegemeza kichwa ukutani.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilikuwa nimemwona bibi akiumwa, lakini sikuwa nimewahi kumwona akitii. Tulimwingiza kwenye gari, lile lile lililokuwa limejaa zawadi za Nusrat, na Masele badala ya kushika njia ya Busisi kwenda Geita akatupeleka zahanati ya jirani. Kwenye kona bibi alisema, "Nilivaa kwa ajili ya harusi, sasa naenda kulazwa," na Masele, ambaye ni mwanamume mnene mwenye sauti nzito, akapenga kamasi.

Muuguzi aliyetupokea aliitwa Rose. Alikuwa na haraka ya upole, ile ya watu waliozoea kazi yao. Alimlaza bibi, nikamweleza habari ya nimonia, habari ya saa na habari ya namba. Akachukua kibanio chake cha kidoleni, kile kidogo kinachopima oksijeni, akakibana kwenye kidole cha shahada cha bibi. Tukasubiri. Kikaandika themanini na tano, kikapotea, kikaleta vistari vitupu, kikarudi na themanini na tatu.

"Saa yenu haikukosea," Rose akasema taratibu. "Tutamwekea oksijeni, halafu nimtafutie gari la kumpeleka hospitali kubwa."

Nilishika ukingo wa kitanda. Nikamfikiria Nusrat kwenye chumba chake kule Geita, anapakwa wanja, haambiwi kitu.

Rose akachukua kipimo cha kusikilizia kifua, akasikiliza mbele, akasikiliza mgongoni. Akakunja uso. Akasikiliza tena. Wakati huo Masele alikuwa amelisogeza gari, na kupitia dirishani bibi akaona limesimama juani.

"We Masele!" akaita kutoka kitandani. "Humo kuna keki, na hiyo keki imetengenezwa na mtu aliyekesha, na juu ina sukari ya kuchora jina la mjukuu wangu, sasa ukiiacha kwenye jua hilo mpaka jina litiririke utakwenda wewe kumweleza bwana harusi kwa nini amemwoa mtu asiye na jina!"

Masele akakimbilia usukani. Rose akavua kile kipimo masikioni, akamtazama bibi kwa muda.

"Mtu mwenye namba hii hamalizi sentensi," aliniambia. "Huyu anamaliza zake na zangu. Kifua chake kisafi. Midomo haijabadilika rangi. Hata pumzi haendi mbio."

"Labda kifaa kina shida," nikasema.

"Vifaa viwili?"

Akajibana kidole chake mwenyewe. Tisini na tisa. Kifaa kilikuwa kizima. Nami, kwa sababu mikono yangu ilihitaji kitu cha kufanya, nikaivaa ile saa. Mimi navaa saa mkono wa kushoto siku zote. Nikatulia, nikasubiri.

Themanini na sita.

Mwaka mzima nilikuwa namhesabia bibi pumzi, kumbe mimi ndiye ninayekufa. "Dada," nikamwambia Rose, "na mimi ninayo."

"Tumeambukizana!" bibi akasema kitandani, na nadhani kidogo alifurahi kupata mwenzake.

Rose hakucheka. Alinishika mkono, akautazama, kisha akautazama ule wa pili. Wa kushoto ulikuwa maua matupu. Wa kulia ulikuwa mtupu kama nilivyozaliwa, kwa sababu umeme ulirudi.

"Hebu ihamishie huku," akasema.

Nikaihamishia mkono wa kulia. Sote watatu tuliinamia kile kioo, hata bibi aliyekuwa ametakiwa alale. Tisini na nane.

Tukaiweka kushoto. Themanini na sita. Tukaiweka kulia. Tisini na nane. Sikumbuki ni nani aliyeanza kucheka, ila nakumbuka Rose aliinua kidole cha bibi kwenye mwanga wa dirisha. Ncha yake ilikuwa nyeusi kama chungu.

"Bibi, hii ni nini?"

"Piko. Umeipenda?"

"Nimeipenda sana, ila imenidanganya. Rangi ya kucha huwa tunaifuta kabla ya kupima. Hii nimeiona, nikaona pambo tu, sikuiona kama rangi." Akanigeukia. "Hivi vifaa vinatumia mwanga. Mwanga unataka kufika kwenye damu, njiani unakutana na weusi huu. Kinachorudi ni kidogo na kimeharibika, na mashine inafikiri damu ndiyo mbaya."

"Kwa hiyo mimi ni mzima?" bibi akauliza.

"Bado sijui. Nataka nipime mahali pasipo na piko."

Palikuwa wapi? Ngozi ya mikono ilichorwa mpaka kiwikoni, na juu ya kiwiko mkanda wa saa haukufika. Vidole kumi vyote vilichovywa. Rose akasema si kitu, tutumie cha mguuni. Akamvua bibi kiatu cha kulia. Akamvua cha kushoto. Kulikuwa na maua mpaka juu ya kifundo, na kila kucha nyeusi ti.

Bibi akatazama pembeni, kama mtoto aliyekutwa na kijiko cha sukari mdomoni.

"Selina naye hana kiasi," nikasema.

"Msimseme Selina," bibi akajibu. "Selina alifanya alichoagizwa."

Rose akainama, akaangalia uso wa bibi, akausogeza mtandio wa dhahabu kando. "Sikio," akasema. "Sikio hamkulipaka?"

"Tulisahau," bibi akakiri.

Akamvua hereni, akaanza kuisugua ndewe ya sikio kwa vidole viwili ili damu ichangamke. Alisugua kwa nguvu. "Wewe binti, ulikuwa mwalimu wa madrasa?" bibi akalalamika. "Namna hii nilivutwa mara ya mwisho nilipokosea sura." Rose akakibana kile kibanio kwenye ndewe, akakishikilia kwa mkono kisicheze. Bibi akafumba macho na kubana midomo. Mimi nilikuwa naomba, sijui kwa maneno gani.

Namba ilipanda taratibu, ikayumba, ikatulia. Tisini na sita.

Rose akahamia sikio la pili. Tisini na saba.

"Si mahali pake haswa, kifaa hiki ni cha kidoleni," akasema, "ila na kifua chake, na pumzi zake, na maneno yake yote haya, mimi sina mgonjwa hapa. Na saa hiyo ni msaidizi, dada. Ikikuambia jambo, mtazame na mtu mwenyewe."

Nilipiga picha: bibi yangu amelala na gauni la kijani, kibanio kimening'inia sikioni kama hereni ya kisasa. Nikaituma kwenye grupu. Simu ya video ikaita papo hapo. Baba mkubwa alikuwa amevaa kanzu na koti, uso umemvimba kwa wasiwasi.

"Dada muuguzi, una uhakika?"

Rose akamweleza. Mimi nikamwonyesha mikono yangu miwili, mmoja mmoja, na namba zake. Alisikiliza kama mtu anayesomewa hukumu. Mwisho akasema, "Mama, geuza sikio nilione."

Bibi akageuza sikio. "Umeliona?"

"Nimeliona."

"Nimekuzaa, Bashiru, nikakunyonyesha, sasa leo unanikagua masikio."

Baba mkubwa aliigeuza simu, tukabaki tunaona dari la nyumba yake na feni inayozunguka. Kisha sauti yake ikasikika kutoka mahali fulani chini ya feni: "Njooni. Ila mwambie Masele aendeshe taratibu."

Masele hakuendesha taratibu. Nyegezi tuliipita bibi akiwa anarudishia hereni, na kwenye daraja jipya juu ya ziwa alitaka vioo vyote vishushwe. Upepo wa ziwa ukajaa ndani ya gari, mtandio wa dhahabu ukapepea, naye akatoa mkono wake uliochorwa nje ya dirisha akaushikilia hapo mpaka tukafika Busisi. Zamani, aliniambia, upande huu wa maji alikaa akisubiri kivuko huku Bashiru akiwa tumboni, na njaa ikimuuma, na samaki wa kukaanga wamekwisha. "Sasa unapita tu," akasema, kama mtu aliyetukanwa kidogo na kufurahishwa sana.

Tulipofika Geita ndoa ilikuwa imeshafungwa. Vigelegele vilitupokea getini. Mlangoni mwa chumba cha Nusrat walikuwa wamemsimamisha shangazi yangu mmoja kwa dharura, mwanamke mpole ambaye hajawahi kumkatalia mtu kitu, na Salehe alikuwa ameshafika mbele yake na rafiki zake. Mguu mmoja wa bwana harusi ulikuwa tayari kwenye kizingiti.

"Rudisha huo mguu!" bibi akasema kutoka uani.

Watu wakapisha njia katikati. Shangazi akajitoa pale kwa furaha kubwa. Bimdogo akapita na gauni lake la kijani, akaufikia mlango, akageuka, akatanua mikono, na wanawake wote wakasema "Ahaaa!" kwa pamoja, kwa sababu ya yale maua.

"Wewe nani?"

"Salehe, Bibi. Shikamoo."

"Hujaulizwa shikamoo. Unatafuta nini kwenye mlango wa watu?"

"Mke wangu."

"Ndiye mimi. Twende."

Uwanja mzima ukacheka. Salehe akafuta jasho. Rafiki yake mmoja akamsogezea bahasha, bibi akaitazama kama mdudu. "Irudishe mfukoni. Mimi nimetoka Pasiansi kwa ajili ya karatasi? Nasikia wewe ni mwalimu. Mwimbie mke mwenza wangu, asikie humo ndani kama umefundishwa."

Akaimba. Aliimba vibaya kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia, macho chini, masikio yamemwiva, lakini hakuacha. Kutoka ndani tulisikia Nusrat akicheka mpaka akakohoa. Bibi akamtaka arudie. Akarudia. Akamtaka aongeze sauti, kwamba mke mwenza ni kiziwi wa sikio moja. Akaongeza.

Alipokuwa akiimba mara ya tatu niliona mikono ya bibi inatetemeka. Ilikuwa imeinuliwa muda mrefu. Niliinua macho nikamwona baba mkubwa, nyuma ya Salehe, naye ameona. Midomo yake ilikuwa imefunguka kusema kitu. Akanitazama mimi. Nilitikisa kichwa kidogo, sijui kwa mamlaka gani. Akaifunga midomo, lakini alibaki amesimama kwa ncha za vidole, kama alivyokuwa akisimama kule hospitali.

Bibi akashusha mikono. Akashika fremu ya mlango, akajishusha taratibu, akakaa kwenye kizingiti, miguu ameinyoosha mbele, maua ya miguuni yakaonekana na yenyewe.

"Nimekaa," akatangaza. "Sasa hata mende hapiti."

Vigelegele vikapasua anga. Salehe akapiga magoti chini, kanzu yake nyeupe kwenye vumbi, akawa sawa naye uso kwa uso. Aibu ilikuwa imemwisha. "Bibi," akasema, "nimeimba, nimetukanwa, nimecheka. Nifanye nini tena?"

Bibi alimtazama kwa muda mrefu. Alimkagua taratibu, namna ambayo hakuna saa inayoweza kumkagua mtu.

"Nimechoka," akasema kwa sauti ya chini, ya kweli. "Niinue."

Salehe akaweka mikono yake chini ya ile mikono yenye maua. Hakumvuta. Alimsubiri mpaka alipoweka mguu mmoja, kisha wa pili, akamwinua kidogo kidogo mpaka akasimama wima, na waliposimama wote wawili baba mkubwa akatua visigino vyake chini. Mlango ulikuwa wazi. Salehe akaona kwamba uko wazi, akasita, kwa adabu, akingoja kuambiwa.

Bibi hakuuachia mkono wake. Akageuka naye, akavuka kizingiti, akamvuta ndani.

"Mke mwenza!" nilimsikia akiita. "Sogea huko, tumekuja wawili."